Miaka ya Katikati ya Youn Yuh-jung

Wakubwa zangu, shikamooni. Nanyi wanangu mliojaa huku mbele mpaka wengine mmekalia sakafu, nawasalimu kwa upendo. Nimepewa nafasi ya kusema kabla taa hazijazimwa, nami nimeamua kuitumia yote kwa mtu mmoja.

Filamu ya leo inaitwa Minari. Humo mtamwona bibi aliyetoka Korea kwenda Marekani kulea wajukuu. Aliyemwigiza bibi huyo ni Youn Yuh-jung. Youn ndilo jina la ukoo, na kwao jina la ukoo hutangulia. Alizaliwa tarehe 19 Juni 1947 mjini Kaesong, mji ambao leo uko Korea Kaskazini, akakulia Seoul. Mwezi wa Aprili 2021, akiwa na miaka 73, uhusika huu ulimpatia Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akawa Mkorea wa kwanza kuchukua Oscar ya uigizaji. Mwanamke wa Asia aliyewahi kuipata kabla yake alikuwa mmoja tu, Miyoshi Umeki wa Japani, aliyetuzwa mwaka 1958.

Hayo mnayo kwenye simu zenu. Ninayotaka kuwaambia ni mengine.

Mtu akisimulia maisha ya mama huyu kwa haraka, husema hivi: alianza 1966, akang'ara 1971, akaolewa, akapotea, kisha 2021 akabeba Oscar. Kati ya 1971 na 2021 kuna miaka hamsini. Msimulizi anairuka kama mtu anayeruka mtaro. Mimi nawaomba leo tushuke ndani ya mtaro huo, tutembee humo taratibu, kwa sababu humo ndimo mwigizaji alimotengenezwa.

Wengi wetu hapa tuliijua Korea kwenye vibanda vya video na kwenye CD za mtaani, mkalimani akitafsiri juu kwa juu, Jumong yuko juu ya farasi wake. Tamthilia ile ya Jumong ilikuwa na vipindi 81, vilivyorushwa kwao na kituo cha MBC mwaka 2006 hadi 2007. Vijana waliimba jina la Jumong. Mimi macho yangu yalikuwa kwa watu wazima waliosimama pembeni ya kiti cha enzi, wale wasio na farasi wala panga, wanaosema maneno manne halafu kamera inawaacha. Nilikuwa najiuliza: huyu naye katoka wapi? Ameigiza miaka mingapi hata akaweza kunyamaza namna hii? Ndivyo nilivyoanza kuwafuatilia wazee wa runinga ya Korea, na ndivyo nilivyofika kwa mama huyu.

Mwanzo wake haukuwa na ndoto yoyote ya usanii, na mwenyewe amelisema hilo mara nyingi bila kuona haya. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, anasoma lugha na fasihi ya Kikorea katika Chuo Kikuu cha Hanyang, akapata kibarua kwenye studio ya runinga, cha kukabidhi zawadi kwa wageni wa kipindi. Mtu akamwambia jaribu usaili. Zamani vituo vya runinga vya Korea viliajiri waigizaji kama ofisi inavyoajiri makarani: unatangazwa usaili, wanakuja mamia, wachache wanachukuliwa, wanaingia kundi la mwaka huo, wanafundishwa kazi na wanakuwa watu wa kituo. Yeye alichukuliwa na TBC mwaka 1966. Chuo akakiacha. Kituo chenyewe cha TBC hakipo tena. Serikali ya kijeshi ilikiunganisha na KBS mwaka 1980.

Mwaka 1971 ukamfanya ajulikane mara mbili. Kwenye runinga, MBC ilimpa kuigiza Jang Hui-bin, yule suria wa mfalme Sukjong ambaye Wakorea humsimulia kama mfano wa mwanamke mwenye hila, aliyeuawa kwa sumu mwaka 1701. Aliigiza kiasi kwamba watazamaji walimchukia yeye mwenyewe. Amesimulia kwamba picha zake kwenye matangazo ya kinywaji zilitobolewa macho. Nendeni nalo polepole hilo: binti wa miaka 24 anapita barabarani, anaona uso wake ukutani, macho yametobolewa. Kwa mwigizaji hiyo ni sifa na ni jeraha kwa wakati mmoja.

Mwaka huohuo akaingia kwenye filamu. Mwongozaji Kim Ki-young alimpa nafasi kuu kwenye Hwanyeo, jina linalomaanisha mwanamke wa moto. Anaigiza msichana wa shamba anayekuja kufanya kazi za ndani kwa familia ya wafuga kuku, na kidogo kidogo nyumba ile inageuka jehanamu. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Blue Dragon nyumbani Korea ilikuja kwake, na nyingine ikatoka tamasha la Sitges, Uhispania. Filamu ya kwanza kabisa! Kim Ki-young alikuwa mtu mgumu, alisomea udaktari wa meno lakini akili yake ilikuwa kwenye mambo ambayo watu huyaficha. Youn amekiri kwamba wakati ule hakumpenda, alimwona kama mtu wa ajabu anayemtesa. Alikuja kumwelewa akiwa mtu mzima kabisa, umri umeshapita sitini. Na Kim Ki-young alikuwa ameshakufa. Yeye na mkewe waliungua na nyumba yao mwaka 1998. Kwa hiyo mtakapomsikia siku ya Oscar akimshukuru mwongozaji wake wa kwanza, akisema angekuwa hai angefurahi sana, mjue ile ni shukrani iliyochelewa miaka mingi, naye anajua imechelewa, ndiyo maana aliitoa mbele ya dunia nzima.

Sasa tunaingia kwenye mtaro.

Katikati ya miaka ya 1970 aliolewa na mwimbaji mashuhuri wa Korea, wakahamia Marekani, jimbo la Florida. Akazaa watoto wawili wa kiume. Karibu miaka kumi hakuigiza. Huko Korea kipindi hicho runinga ziliingia majumbani kwa mamilioni, nyota wapya wakazaliwa, sura yake ikasahaulika. Alifanya kazi ya keshia supamaketi, dola 2.75 kwa saa. Mwaka 1984 walirudi nyumbani, mwaka 1987 ndoa ikavunjika, akabaki na watoto wawili wa kulisha, mwanamke anayekaribia miaka arobaini kwenye tasnia iliyokuwa inatafuta mabinti.

Naomba mwelewe Korea ya wakati ule. Mwanamke aliyeachika alikuwa kama mtu mwenye alama kwenye paji la uso. Watazamaji walipiga simu kituoni: huyu ameachika, mnamwekaje kwenye runinga? Wengine walisema sauti yake mbaya. Na kweli sauti yake ina ukavu wake, haikubembelezi. Mwenyewe alifikiria kufunga mizigo arudi Florida kwenye keshi yake. Aliyemshika mkono akamwambia una kipaji, vumilia, alikuwa rafiki yake Kim Soo-hyun, mwandishi wa kike wa tamthilia, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu bila watu wa aina yake hotuba hii isingekuwepo.

Basi Youn akaanza upya, na safari hii alianza chini. Alichukua kila alichopewa. Mama wa fulani, shangazi wa fulani, jirani, mke wa bosi. Hakuuliza ni sehemu ngapi, aliuliza malipo ni lini, maana ada ya shule ilikuwa inasubiri. Baadaye, kwenye mkutano na waandishi wa habari wa Korea huko Los Angeles usiku uleule wa Oscar, aliulizwa falsafa yake ya uigizaji. Alijibu kwamba pengine ilianzia kwenye kujiona duni, kwa kuwa hakusomea sanaa hiyo, kwa hiyo alichoweza ni kukariri maneno yake vizuri asiwe mzigo kwa wenzake. Kisha ikaja dhiki, akawa anaigiza ili ale, na skripti ikawa kwake kama Biblia.

Skripti kama Biblia. Nimelirudia neno hili darasani kwangu mpaka wanafunzi wameanza kulitaja kabla sijafungua mdomo. Kuna vijana humu ndani, na ninawapenda, wanaokuja seti wakiwa wameisoma skripti kwenye bodaboda. Wanasema nitaibuni hapohapo. Mama huyu kwa miaka ishirini alipewa nafasi ambazo zingeweza kuchezwa na mtu yeyote, na kila moja aliikariri kama mtu anayekariri sala ya kumwokoa.

Nami nina ya kwangu. Nikiwa na miaka 46 nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia moja. Kijana aliyeshika orodha akaniangalia, akasema, mama, kwa umri wako tuna mchawi tu, na huyo mchawi anakufa kipindi cha pili. Nilirudi nyumbani nikalia. Siku hiyo nilikuwa sijamjua Youn Yuh-jung. Ningemjua, ningemchukua yule mchawi, nikamkariri, nikamfanya watu wamlilie anapokufa. Nililia kwa sababu nilidhani nafasi ndogo imenidharau. Kumbe mimi ndiye niliyeidharau.

Lakini sitaki mbebe upande mmoja tu mkaenda nao nyumbani. Bidii yake peke yake haikutosha. Hapa ndipo narudi kwa Kim Soo-hyun.

Mwigizaji mtu mzima haishi bila mwandishi. Mwandishi asipomwandikia mama wa miaka hamsini chochote zaidi ya kugombana na mkwe, huyo mama hata awe na kipaji cha namna gani ataishia kugombana na mkwe. Korea ilibahatika kuwa na waandishi wa kike waliopewa nguvu kubwa kwenye runinga, kiasi kwamba mtazamaji anafungua tamthilia kwa sababu ya jina la mwandishi kama sisi tunavyofungua kwa jina la staa. Kim Soo-hyun alikuwa malkia wao. Mwaka 1991 na 1992 tamthilia yake Sarangi Mwogillae, yaani mapenzi ni kitu gani, ilifunga mitaa ya Korea kila mwisho wa wiki. Humo familia mbili zinaungana kwa ndoa: moja baba ni dikteta wa nyumba, nyingine ni ya watu wa kisasa. Youn alikuwa mama upande wa binti. Angalieni jambo lenyewe: kwenye tamthilia ile wazazi hawakuwa mapambo ya harusi ya watoto wao. Walikuwa na kiburi chao, mapenzi yao, makosa yao, na nafasi ya kuyasema.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2012, KBS wakarusha tamthilia ya familia ambayo Youn anaigiza mama aliyepotelewa na mtoto wa kiume, naye anakuja kugundua yule kijana daktari aliyehamia jirani ndiye mwanawe. Zaidi ya asilimia 40 ya watazamaji wa Korea walikuwa kwenye kituo hicho ilipofika kileleni. Na mwaka 2016 mwandishi mwingine wa kike, Noh Hee-kyung, aliandika Dear My Friends kwa ajili ya kituo cha tvN. Karibu wahusika wote wakuu ni wazee. Kim Hye-ja yumo, Na Moon-hee, Go Doo-shim, Kim Young-ok, Shin Goo, Youn mwenyewe akiwa mwanamke asiyeolewa anayeendesha mgahawa wake wa kahawa. Vipindi 16 vya watu wenye mvi wakigombana, wakisahau, wakipendana, wakipanda gari kwenda kusikojulikana. Mtu anaweza kudhani vijana hawataangalia kitu cha namna hiyo. Waliangalia, wakalia, wakapigia simu mama zao.

Waandishi mliomo humu, mkono juu niwaone. Asanteni. Ninawaomba, tuandikieni.

Kwenye filamu nako alikuja kuokotwa na watu wasioogopa. Mwaka 2003, baada ya miaka mingi nje ya sinema, Im Sang-soo alimpa nafasi ya mama mkwe ambaye mumewe anakufa kwa ugonjwa, naye kabla hata kaburi halijakauka anawaambia watoto wake kwamba amempata mwenzake wa zamani na moyo wake una furaha. Waigizaji wengi wa rika lake wangekataa. Yeye alikubali na akaicheza bila kuomba radhi kwa niaba ya yule mama. Hapo ndipo waongozaji wakaamka.

Alipofikisha miaka sitini, watoto wameshasoma, wameshajitegemea, alijiwekea uamuzi mmoja: kuanzia sasa atafanya kazi na watu anaowapenda, pesa kidogo au nyingi. Aliuita huo ndio anasa yake. Si gari wala nyumba, kuchagua watu. Nadhani mtu hawezi kuifahamu thamani ya kuchagua kama hakuwahi kukaa miaka ishirini bila kuchagua.

Na matunda yake yalikuwa ya ajabu. Mwaka 2010 Im Sang-soo aliirudia ile hadithi ya mtumishi wa ndani, ileile ya Kim Ki-young ya mwaka 1960 ambayo Hwanyeo ilikuwa imeirudia. Youn aliyekuwa mtumishi kijana mwaka 1971, sasa akaigiza mtumishi mzee wa nyumba ya matajiri, mwanamke aliyemeza kila kitu kwa miaka mingi na sasa kinamkwama kooni. Tuzo za mwigizaji msaidizi zilimiminika mwaka ule. Filamu ilishindanishwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa. Mwaka 2012 alikuwa na filamu mbili kwa mpigo kwenye shindano kuu la Cannes, moja ya Im Sang-soo na nyingine ya Hong Sang-soo pamoja na Isabelle Huppert wa Ufaransa. Alikuwa na miaka 64, anatimiza 65.

Ile ya mwaka 2016 ya mwongozaji E J-yong nitaisema kwa adabu kwa sababu wako wadogo humu. Jina lake la Kikorea, Jukyeojuneun Yeoja, lina maana mbili: mwanamke anayeua, na vilevile lile neno la mtaani la kumsifia mtu kwamba ni hatari. Anaigiza mwanamke wa miaka sitini na kitu anayejiuza kwa wazee kwenye bustani za katikati ya Seoul, mkononi ana chupa za kinywaji cha kuongeza nguvu kama kisingizio. Korea ile mnayoiona kwenye video, ya majengo ya vioo na vipodozi, ina wazee wengi maskini kuliko nchi nyingi tajiri. Wazee wale ndio waliojenga viwanda, wakabaki bila pensheni ya maana. Kuna tukio wateja wake wa zamani, wamechoka na maisha, wanamwomba awasaidie kufa. Youn haigizi huzuni pale. Anasikiliza tu, uso hauombi machozi ya mtu. Baadaye amesema kuifanya filamu ile kulimuumiza, kwamba kuna maisha angependa asingeyajua. Mimi naiona kama kazi yake kubwa kuliko zote, kuliko hata hii ya leo. Wenye moyo mkiwa watu wazima mtaitafuta.

Katikati ya hayo yote akaenda kupika. Mtayarishaji Na Young-seok alimchukua mwaka 2017 na waigizaji wenzake hadi kisiwa kidogo karibu na Lombok, Indonesia, wakafungua mgahawa, kamera zikawafuata. Vijana wa Korea ambao hawajawahi kuona filamu yake hata moja walimpenda hapo, bibi aliyevaa aproni, jasho linamtoka, anahangaika nyama isiungue, anasema anachofikiri.

Sasa tufike kwenye Minari.

Skripti aliletewa na rafiki yake. Alisoma kurasa chache, akauliza: hii ni hadithi ya kweli ya huyo mwongozaji? Alipoambiwa ndiyo, akasema nakwenda. Mwongozaji ni Lee Isaac Chung, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kikorea, aliyekulia shambani Arkansas. Walipiga picha majira ya joto ya mwaka 2019 karibu na Tulsa, Oklahoma, siku 25, bajeti kama dola milioni 2, ambazo kwa Marekani ni pesa ya chai. Joto kali. Youn na Han Ye-ri, anayeigiza binti yake, walikaa nyumba moja ya kupanga, na jioni timu ilikuja kula pale, wakawa wanazipitia sentensi za Kikorea kwenye skripti wazirekebishe zisikike kama watu wa miaka ya 1980 wanavyoongea. Mtu wa miaka 72, ametoka kazini juani, anakaa mezani kurekebisha sentensi. Hata za wenzake.

Alimuuliza Chung: nimwige bibi yako? Chung akasema hapana, huna haja. Akapewa uhuru, na ndani ya uhuru ule aliingiza vitu vyake. Kuna tukio bibi anakoboa kokwa, ile Wakorea wanaiita bam, anaitafuna kwanza, anaitema mkononi, anampa mjukuu. Mtoto wa Kimarekani anakunja uso. Lile ni wazo la Youn mwenyewe, alishawaona mabibi wa kwao wakifanya hivyo. Ukumbi huu hauhitaji maelezo. Wangapi hapa mlitafuniwa chakula na bibi? Naona mnacheka. Basi mnakijua kitendo kile kuliko wataalamu wa Hollywood.

Alisema pia kwamba katika uhusika huu alimkumbuka bibi wa mzazi wake, yule mkongwe wa utotoni, aliyekuwa akitumia maji yaleyale tena na tena kwa sababu baada ya vita maji yalikuwa shida. Yeye akiwa mtoto alimwona mchafu, akamkimbia. Uzee ulipomfikia akatambua mkongwe yule alikuwa akiwabakizia wengine maji. Hakuweza kumwomba radhi. Akamweka kwenye filamu.

Usiku wa Oscar alitamka kwamba haamini katika ushindani, angewezaje kumshinda Glenn Close, mwigizaji wa Marekani aliyeshindanishwa naye, kila mmoja kacheza uhusika wake. Akawashukuru wanawe wawili kwa kumfanya atoke kwenda kazini, akasema tuzo hii ndiyo matokeo ya mama yenu kufanya kazi kwa bidii. Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi nilikuwa peke yangu sebuleni alfajiri, nikasimama. Nilimwona keshia wa Florida pale jukwaani.

Na kwa waandishi wa habari wa kwao waliomuuliza kama hiki ndicho kilele cha maisha yake, alijibu kwa kuchezea neno la Kikorea. Choego ni juu kabisa. Akasema halipendi neno hilo, kwani wote hatuwezi kuwa choejung, wa katikati? Wanangu, mtu aliyeshika tuzo ya juu mkononi ndiye aliyesema hayo, na hakuwa anajinyenyekeza kwa adabu. Huko katikati ndiko alikoishi. Huko ndiko alikolea watoto.

Mwaka uliofuata, Machi 2022, alirudi jukwaani pale kutangaza mshindi. Alifungua bahasha, kabla hajasema jina akatoa kwanza ishara za mikono: mshindi ni Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi. Kotsur akapanda. Kiziwi huongea kwa mikono, na sanamu ya Oscar ni nzito. Youn akaipokea ile sanamu, akasimama kando akiwa ameishika muda wote ili mwenzake awe na mikono yake miwili ya kusemea. Nimeiangalia video ile mara nyingi kuliko hotuba yake mwenyewe. Mwigizaji msaidizi, kazini.

Tangu hapo hajaketi. Alimwigiza Sunja mzee kwenye tamthilia ya Pachinko, misimu miwili, 2022 na 2024, mama wa Kikorea aliyezeekea Japani kati ya watu wasiomtaka. Mwaka 2025 alitokea tena kwenye filamu ya Marekani ya mwongozaji Andrew Ahn, akiwa bibi anayesafiri kutoka Korea kuja kwenye harusi ya mjukuu. Serikali ya Korea ilikuwa imeshampa mwaka 2021 nishani ya juu kabisa ya utamaduni, ile ya taji la dhahabu.

Nimemaliza, tuangalie. Ila nina maombi matatu kwa vijana wa uigizaji. Bibi anapofika, atafungua mzigo aliotoka nao Korea. Ndani yake mna unga wa pilipili na dagaa. Mmwangalie binti anavyolia, halafu mrudishe macho kwa mama, mwone Youn anafanya nini wakati kamera si yake. La pili ni ile kokwa. La tatu, baada ya katikati ya filamu mwili wa bibi utabadilika ghafla. Mtazame mdomo wake na mkono mmoja, na mhesabu ni maneno mangapi anayasema kuanzia hapo mpaka mwisho.

Kijana wa taa, tunaweza kuzima. Asanteni.